Panait Istrati: Mwandishi wa wanyonge aliyekataa kunyamaza

MAPEMA Januari 1921, mpiga picha maskini wa mitaani alijaribu kujitoa uhai katika bustani moja mjini Nice, kusini mwa Ufaransa.

Alipofikishwa hospitalini, alipatikana na barua aliyokuwa amemwandikia Romain Rolland, mwandishi Mfaransa aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka wa 1915.

Maskini huyo alikuwa Panait Istrati, mzaliwa wa Romania aliyekuwa na umri wa miaka 36. Barua hiyo hatimaye ilimfikia Rolland, naye hakuishia kumpa pole bali alimhimiza aandike vitabu.

Istrati alizaliwa Agosti 1884 katika mji wa Brăila, ulio na bandari kwenye mto Danube. Mamaye alikuwa mfua nguo za watu, na babaye, Mgiriki aliyefanya biashara ya magendo, hakupata kumjua.

Masomo yake yalikomea shule ya msingi. Tangu utotoni alifanya vibarua vya kila aina: mtumishi wa baa, mwoka mikate, kuli bandarini na mpaka rangi nyumba.

Kazi ya uanahabari aliianzia miongoni mwa wafanyakazi wenzake. Alichangia makala katika România Muncitoare, gazeti la wanasoshalisti, akiangazia dhiki za vibarua. Mnamo 1910 alikuwa mmoja wa walioshiriki mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Brăila.

Katika miaka hiyo alizuru pia Misri, Lebanon na Syria, mara nyingi bila nauli mfukoni. Watu aliokutana nao safarini, wakiwemo mabaharia, wachuuzi na watoro, ndio waliokuja kuwa wahusika wa hadithi zake.

Mwaka wa 1916 alihamia Uswisi. Huko alijifunza Kifaransa mwenyewe kwa kusoma vitabu vya waandishi maarufu huku kamusi ikiwa kando yake. Lugha hiyo aliyoipata ukubwani ndiyo aliyoitumia kuandika vitabu vilivyompa sifa.

Hadithi yake, Kyra Kyralina, ilichapishwa mwaka wa 1923 katika jarida la Europe jijini Paris. Rolland alimtambulisha kwa wasomaji kama Gorky wa nchi za Balkan, akimlinganisha na mwandishi wa Urusi, Maksim Gorky, ambaye pia alikulia katika ufukara.

Miaka minne baadaye, jina lake likiwa limevuma kote barani Ulaya, Istrati alialikwa Moscow kwa maadhimisho ya miaka 10 ya mapinduzi ya 1917. Alikwenda akiamini kwamba hapo ndipo mnyonge alipopata hatimaye nchi yake.

Akiwa huko alikutana na mwandishi wa Ugiriki, Nikos Kazantzakis, na mwaka wa 1928 wawili hao wakaizunguka Muungano wa Sovieti kutoka kaskazini hadi milima ya Caucasus.

Kisa kimoja mjini Leningrad ndicho kilichomfumbua macho kabisa. Mfanyakazi mzee kwa jina Roussakov, baba mkwe wa mwandishi Victor Serge, alisingiziwa makosa katika mzozo uliohusu makao yake. Alipoteza kazi na kushtakiwa, huku magazeti yakimwita adui wa mapinduzi.

Istrati alibisha milango ya wakuu wa serikali akimtetea. Alipoona jinsi wakubwa walivyokingana, alikata kauli kwamba kasoro haikuwa ya afisa mmoja au wawili, bali ya mfumo mzima uliokuwa ukimkandamiza yule yule mfanyakazi uliodai kumtumikia.

Rolland alimsihi asichapishe aliyoyaona, akihofia kwamba yangewanufaisha maadui wa mapinduzi. Istrati hakukubali. Mnamo Oktoba 1929 kitabu chake, Vers l'autre flamme, kilitoka Paris. Kilikuwa na majuzuu matatu, ingawa mawili kati yake yaliandikwa na Victor Serge na Boris Souvarine bila majina yao kutajwa.

Wahenga walinena kuwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini Istrati aligundua kwamba aghalabu si mpenzi wa vyama. Wandani wake wa awali walimgeuka wakimwita msaliti, na mwandishi Henri Barbusse akamshutumu kuwa kibaraka wa polisi wa siri wa Romania.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1929 ulitoa jibu kwa shutuma hizo. Mwezi Agosti, wanajeshi wa Romania waliwafyatulia risasi wachimba migodi waliokuwa wamegoma mjini Lupeni, na zaidi ya 20 wakafariki. Istrati alifunga safari hadi huko kama mwanahabari, akaandika kuwatetea wachimba migodi na kuilaani serikali ya nchi yake.

Kwake, mfanyakazi aliyedhulumiwa Leningrad na yule aliyeuawa Lupeni walikuwa ndugu, na waliowaonea hawakustahili kutofautishwa kwa rangi ya bendera zao.

Miaka yake ya mwisho aliiishi nchini mwake katika upweke, akisumbuliwa na kifua kikuu. Alijitangaza kuwa mtu asiyefungamana na upande wowote, ingawa makala alizochapisha katika gazeti moja la wazalendo zilimzidishia lawama. Alifariki jijini Bucharest mnamo Aprili 1935, akiwa na umri wa miaka 50.

Wakomunisti walipotwaa uongozi wa Romania baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vitabu vyake vilipigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Simulizi yake kuhusu Muungano wa Sovieti ilisubiri hadi utawala huo ulipoanguka mwaka wa 1989 ndipo ikachapishwa kwa Kiromania.

Leo hii, mji wa Brăila una nyumba ya makumbusho yenye jina lake. Mwana wa mfua nguo aliyekanwa na pande zote mbili angali anasomwa, ilhali magazeti mengi yaliyomwita msaliti yamekwisha kusahaulika.