Makaa ya Mawe na Gesi Zake Mbili



Wajukuu zangu, miaka zaidi ya milioni 70 iliyopita, pale ambapo leo ni New Mexico, Marekani, palikuwa na vinamasi kando ya bahari. Mnyama mkubwa, Pentaceratops, ambaye jina lake lina maana ya uso wa pembe tano, alijilishia huko. Miti ikianguka ilizama kwenye tope, isipate hewa ya kuiozesha yote. Mchanga ukaifunika, tope likaja juu ya mchanga, na joto na uzito vikaibana hata ikawa makaa ya mawe.

Katika kugeuka huko ikazaliwa methani, gesi ile ile tunayopikia tunapotumia gesi asilia. Nyingine ilitoroka, nyingine ikabaki humo humo. Ilibakije? Hapa ndipo panaponishangaza mpaka leo. Ukilishika pande la makaa unaona kitu kigumu, kizima. Kumbe ndani limejaa vitundu ambavyo hata hadubini ya shuleni haivioni. Kuta za vitundu vya gramu moja tu, ukizikunjua zote, zinaweza kuzidi sakafu ya darasa lenu! Methani imejibandika kwenye kuta hizo chembe kwa chembe, na maji yaliyojaa kwenye nyufa yanaikandamiza isitoke.

Wanaotafuta gesi hiyo hutoboa kisima na kuyavuta maji. Mgandamizo ukishuka, methani huachia ukuta, hupita kwenye nyufa na kufika kisimani. Lakini nyingi husalia chini.

Basi mwaka 1995, kampuni ya Burlington Resources ikajaribu jambo jingine huko Allison, katika bonde la San Juan, huko huko New Mexico. Palikuwa na visima 16 vya kutolea methani. Wakaweka vingine 4 vya kushindilia hewa ukaa chini, kwenye makaa yenyewe.

Kwa nini hewa ukaa? Kwa sababu makaa huishika kwa nguvu kuliko yanavyoishika methani. Ikifika ukutani inakaa, na methani inatoka. Tena makaa mengi kama hayo ya Allison yanaweza kubeba chembe 2 hivi za hewa ukaa kwa kila chembe 1 ya methani.

Sasa tulieni, maana kikwazo kinakuja. Makaa yakipokea hewa ukaa huvimba, kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Maharage yana nafasi kwenye sufuria; makaa yamebanwa na mwamba pande zote, hayana pa kuvimbia ila ndani ya nyufa zake yenyewe. Njia ya gesi inazibwa na gesi yenyewe! Allison waliiona hali hiyo mapema: visima vikaanza kupokea hewa ukaa kidogo kuliko mwanzo. Kaniów, nchini Poland, watafiti waliojaribu kazi kama hiyo walilazimika kuupasua mwamba kwa mgandamizo ndipo gesi iingie vizuri. Yubari, Japani, waliingiza naitrojeni, nyufa zikafunguka, lakini kwa muda tu. Hata hivyo Allison hawakukata tamaa, na hadi walipositisha kazi mwaka 2001 walikuwa wameingiza zaidi ya tani 300,000 za hewa ukaa.

Je, dunia yetu, inayopashwa joto na hewa ukaa, ilipata nafuu? Hesabuni pamoja nami. Chembe 1 ya methani ikiungua huzaa chembe 1 ya hewa ukaa. Mkizika 2 na kutoa 1, mnabaki na faida ya 1. Lakini hewa ukaa ya Allison haikukusanywa kwenye moshi wa viwanda. Ilikuwa imekaa salama chini ya ardhi ya Colorado, ikachotwa na kuletwa kwa bomba. Kwa hiyo walichojifunza kilikuwa kikubwa, ila hewa yetu haikusafishwa na kazi ile. Hesabu hiyo ya faida itakubali siku hewa ukaa ya kuzikwa itakapotoka kwenye bomba la moshi la kituo cha umeme au kiwanda cha saruji.

Na makaa yaliyokwisha kupewa hewa ukaa hayafai kuchimbwa tena, maana atakayeyavunja ataiachia yote. Ndiyo sababu watu huyatafuta matabaka ya kina kirefu, ambayo hakuna anayetarajia kuyachimba. Yale ya Allison yako karibu mita 950 chini ya ardhi.