Sera ya Pombe Huanza na Daftari

Machi 1, 2017 viroba vilipigwa marufuku Tanzania. Pakiti ndogo za plastiki zenye pombe kali, zilizozoeleka kwenye maduka ya mtaani, stendi na vijiwe vya bodaboda, zikaondolewa kwenye rafu. Uganda ikachukua hatua kama hiyo mwaka 2019. Wazazi wengi walishukuru, na walikuwa na kila sababu ya kushukuru. Lakini mwulize mtaalamu wa afya ya jamii marufuku ile iliokoa maisha ya watu wangapi, utaona anapata tabu kukutajia namba. Tabu hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza leo, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya kazi ya anayeongoza timu ya sera ya kupunguza madhara ya pombe.

Tuanze na kiroba chenyewe, maana kinaonyesha vizuri jinsi timu ya namna hii inavyofikiri. Chukua kiroba cha mililita 100 chenye pombe ya asilimia 40. Ndani yake mna mililita 40 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kijana aliyemaliza viroba viwili kabla ya adhuhuri amekunywa kilevi kinachozidi cha bia tatu, kutoka pakiti mbili zinazoenea kwenye mfuko mmoja wa suruali, bila kuonekana akiingia baa. Mhubiri atamwita mlevi. Mtu wa sera ataangalia pakiti: inauzwa bei gani, wapi, saa ngapi, kwa nani, na kwa nini pombe kali inapatikana kwa kipimo ambacho mwanafunzi anaweza kukimudu.

Mabadiliko hayo ya swali ndiyo msingi wa taaluma hii. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na takribani milioni 2 kati ya hivyo vilikuwa vya wanaume. Wengi hawakuwa watu ambao majirani wangewaita walevi. Walikufa kwa ajali, kwa magonjwa ya moyo, kwa saratani, kwa ini lililoharibika taratibu. Huwezi kumfuata kila mmoja nyumbani na kumshauri. Ndiyo maana mpango wa WHO uitwao SAFER, uliozinduliwa mwaka 2018, unazitaka nchi zifanye mambo matano: zidhibiti upatikanaji wa pombe, zikabili ulevi barabarani, zihakikishe watu wanapimwa na kutibiwa, zizuie matangazo na udhamini wa pombe, na zipandishe bei kwa ushuru na njia nyinginezo.

Kwenye karatasi mambo haya matano ni mepesi. Mezani yanagongana. Hazina inategemea ushuru wa bia. Wizara ya kilimo ina wakulima wa shayiri na mtama. Wizara ya viwanda inahesabu ajira. Halmashauri inakusanya ada za leseni za vilabu na baa. Wizara ya afya inabaki na wodi. Kiongozi wa timu anahitaji mchumi anayejua ushuru wa bidhaa unavyotozwa, mwanasheria, mtakwimu, mganga au muuguzi aliyefanya kazi wodini, na mtu anayeweza kuyaeleza hayo yote redioni kwa dakika tano. Kisha anahitaji subira ya miaka.

Mfano ambao wataalamu wa fani hii wanaurejea kila mara ni wa Uskoti. Nchi hiyo ilikuwa na vifo vingi vya pombe, na uchunguzi ulionyesha kwamba wanaoumia zaidi walikuwa wakinywa pombe ya bei rahisi sana inayouzwa madukani. Badala ya kupandisha bei ya kila kinywaji, Bunge la Uskoti lilipitisha mwaka 2012 sheria inayoweka bei ya chini kabisa kwa kila kizio cha kilevi. Kizio kimoja huko ni mililita 10 za kilevi halisi, na kiwango cha kuanzia kilikuwa peni 50. Chupa ya lita 3 ya saida, yaani pombe ya matofaa, yenye asilimia 7.5 ina vizio 22.5, hivyo haikuruhusiwa tena kuuzwa chini ya pauni 11.25. Mvinyo wa mgahawani haukuguswa, kwa sababu tayari ulikuwa juu ya kiwango hicho. Sheria ililenga kinywaji chenye kilevi kingi kwa pesa kidogo, na ikamwacha mnywaji wa glasi moja ya Jumapili aendelee na mambo yake.

Ilipitishwa 2012, ikaanza kutumika Mei 1, 2018. Miaka yote hiyo katikati ilipita mahakamani. Chama cha watengenezaji wa wiski wa Uskoti kilipinga, kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ikarudi Edinburgh, na hatimaye Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba sheria ni halali. Mahakama zilitaka kujua kama hatua ile ilikuwa na uwiano na lengo lake, na kama ushuru wa kawaida haungetosha. Serikali ilikuwa na majibu kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walikuwa wamekadiria mapema bei ipi ingemgusa mnywaji yupi, kwa kiasi gani. Hesabu iliyofanywa kabla ya sheria ndiyo iliyosimama kizimbani kuitetea sheria.

Sheria hiyo ilikuwa na kifungu kingine ambacho ningependa kila mbunge wa Afrika Mashariki akisome. Ilipangiwa kufa yenyewe baada ya miaka sita ya utekelezaji, isipokuwa Bunge lipige kura kuiendeleza, na kabla ya kura hiyo ilikuwa lazima tathmini ifanyike. Kwa hiyo timu ilijua tangu mwanzo kwamba siku ya kuulizwa inakuja, na ikajiandaa. Waliweka takwimu za mauzo, za vifo na za kulazwa hospitalini kabla na baada, wakachagua England, ambako hakukuwa na sheria kama hiyo, iwe ya kulinganishia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet. Vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 ya vile ambavyo vingetarajiwa bila sheria hiyo, sawa na vifo takribani 156 kwa mwaka. Nafuu kubwa ilionekana kwenye maeneo maskini zaidi. Bunge likapiga kura ya kuiendeleza sheria, na Septemba 30, 2024 kiwango kikapanda hadi peni 65.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata watu makini. Katika miaka hiyohiyo, idadi ya vifo vya pombe Uskoti ilipanda. Mwaka 2019 vilikuwa 1,020, na mwaka 2023 vilifika 1,277. Wapinzani wakauliza, tena kwa haki: sheria gani hii inayookoa watu huku makaburi yakiongezeka? Jibu ni kwamba katikati kulikuwa na janga la UVIKO-19. Wanywaji wengi waliokuwa wakinywa sana walizidisha kunywa nyumbani, na huduma za matibabu zikayumba. England, isiyo na sheria hiyo, ilishuhudia vifo vikipanda kwa kasi kubwa zaidi. Ukitazama Uskoti peke yake utasema sheria imeshindwa. Ukiitazama Uskoti pembeni ya jirani yake, utaona watu walio hai ambao pengine wasingekuwepo. Kiongozi wa timu ya sera ndiye anayepaswa kuuliza kila siku, hata swali likiwachosha wenzake: tukilinganisha na nini?

Ni yeye pia anayepaswa kusema yale ambayo sera haikufanya. Tathmini ya Uskoti haikupata ushahidi wa kutosha kwamba watu waliokwisha kuwa watumwa wa pombe walipunguza kunywa, na baadhi yao walipunguza fedha za chakula ili wanunue kinywaji. Pesa ya ziada iliyotokana na bei kupanda ilibaki kwa wauzaji, haikuingia serikalini, kwa sababu ile ni bei ya chini, si kodi. Anayeficha mambo haya humwachia mpinzani ayafichue, na yakifichuliwa hata ukweli mwingine wote huanza kutiliwa shaka. Anayeyasema mapema hupata nguvu ya kudai fedha za kliniki za matibabu ziende sambamba na sheria.

Je, mbinu ya Uskoti inafaa kuhamishiwa kwetu kama ilivyo? Hapana, na sababu kubwa ni gongo. Uskoti, karibu pombe yote inapita dukani au baa na ina risiti. Kwetu kuna mbege, ulanzi, komoni, wanzuki, busaa na mnazi, na kuna gongo, chang'aa na waragi wa kienyeji. Ukipandisha bei ya bia pekee, mnywaji ana mahali pa kwenda. Kenya imelipitia hili. Bia ya pipa inayotengenezwa kwa nafaka za nchini ilisamehewa ushuru kuanzia mwaka 2004, ili mnywaji mwenye kipato kidogo aache pombe hatari na kunywa kitu salama. Mwaka 2013 serikali ilirudisha nusu ya ushuru, mauzo yakaporomoka, na mwaka 2015 msamaha ukaongezwa tena hadi asilimia 90. Katikati ya kipindi hicho, Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa kunywa pombe yenye methanoli. Hatupaswi kusema kwamba ushuru ndio uliowaua, kwani aliyetia sumu ndiye aliyeua, na vifo vya namna hiyo vilishatokea hata bia ya pipa ilipokuwa rahisi. Lakini timu inayopanga ushuru bila kuweka mezani hesabu ya pombe isiyosajiliwa inafanya kazi na nusu ya picha.

Methanoli yenyewe inastahili maneno machache. Haitofautiani na pombe ya kawaida kwa macho, na mnywaji hulewa kama kawaida. Saa kadhaa baadaye ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva ya macho. Mtu anaona ukungu, kisha giza, anapumua kwa kasi, na asipowahishwa hospitali anapofuka au anakufa. Kuna dawa ya kuzuia ini lisifanye mgeuzo huo, lakini zahanati nyingi hazina dawa hiyo, na hazina maabara ya kutambua sumu yenyewe. Kwa hiyo timu makini hutofautisha vinywaji hivi kwa kiwango cha hatari. Mama anayepika mbege ya ndizi na ulezi ili apate ada ya shule hawekwi kapu moja na anayechanganya kemikali za viwandani usiku. Wa kwanza anahitaji usafi, leseni nafuu na mpaka wa saa za kuuza. Wa pili anahitaji polisi na maabara.

Uandishi wa sheria nao una mitego. Kenya ilipata Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana mitaani kama Sheria ya Mututho, ikaweka saa za kuuza, ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na papo hapo ikafuta sheria ya kupiga marufuku chang'aa ili itengenezwe kwa viwango. Lakini kanuni za kipimo cha pumzi kwa madereva, alkobulo, zilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2017 kwa kuwa zilipingana na Sheria ya Trafiki iliyozizaa. Nia njema iliangushwa na aya chache. Mwanasheria anapaswa kuwa chumbani tangu siku ya kwanza, kabla ya waziri kuwaita waandishi wa habari.

Na wenye viwanda? Wasikilizwe, kwa sababu wanajua soko na wana wafanyakazi. Wasipewe kalamu. Kampuni inayopata faida kwa kila lita inayouzwa haiwezi kuwa mwamuzi wa lita ngapi zinatosha, na utafiti wa madhara usilipiwe na mfuko wake.

Narudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo tulipo nyuma na ndipo tunapoweza kuanza kesho bila msaada wa mfadhili. Nenda mapokezi ya hospitali yoyote ya wilaya asubuhi ya Jumatatu, ufungue daftari la wikiendi. Utasoma: mwanamume, miaka 24, ajali ya bodaboda, mguu wa kulia umevunjika, saa 5 usiku. Kama dereva alinuka pombe, muuguzi anajua, ndugu aliyemleta anajua, abiria aliyeumia naye anajua. Daftari halijui. Kwenye wodi ya magonjwa ya ndani utakuta ini limesinyaa, maji tumboni, bila neno kuhusu miaka ya gongo. Mke aliyepigwa ana PF3, fomu ya polisi, inayotaja majeraha na kunyamaza kuhusu hali ya aliyempiga.

Safu moja ikiongezwa kwenye daftari hilo, ikijazwa kwa uaminifu mwaka mzima kabla ya sheria na miaka mitatu baada yake, katika wilaya zinazotekeleza na zile ambazo bado, itatupa kile Uskoti ilichokuwa nacho. Dunia imekubaliana, kupitia mpango wa WHO wa 2022 hadi 2030, kupunguza matumizi mabaya ya pombe kwa angalau asilimia 20 ikilinganishwa na mwaka 2010. Asilimia hiyo haipimiki kwa hotuba. Wizara ikitangaza sheria mpya ya pombe, wananchi na wabunge tuulize kwanza itapimwa kwa takwimu gani, nani asiyelipwa na wauzaji atazikusanya, na lini zitaletwa bungeni. Majibu yakikosekana, tusipige makofi bado.