Maradhi Yasiyo na Jina

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Je, tumwambie nini yule asiyeyaficha maradhi yake, ila hana jina la kuyaita? Swali hili latuhusu sisi wakazi wa Mombasa bara kuliko wengi. Makao makuu ya jeshi la wanamaji yako Mtongwe, Likoni, na wanajeshi wastaafu ni jirani zetu.

Wenzetu Wamarekani walilikabili swali hili baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, walikopeleka askari wapatao 700,000. Baadhi yao walirejea nyumbani wakilalamikia uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, usahaulifu na kukosa usingizi. Vipimo vya kawaida havikuonyesha kitu, na wengi wakaambiwa kuwa ni mawazo tu. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria ya kuwafidia hata wale ambao maradhi yao hayakutambulikana. Hapo ndipo ugumu ulipoanza: nani ahesabiwe mgonjwa?

Mwaka 1998 wataalamu wa serikali yao walitoa fasili. Mgonjwa ni yule mwenye dalili zilizodumu miezi 6 au zaidi, katika angalau mafungu 2 kati ya 3: uchovu, matatizo ya hisia na fikira, na maumivu ya misuli na viungo. Walipoitumia kwa wanajeshi wa anga, asilimia 45 ya waliokwenda Ghuba waliingia ndani yake. Lakini hata asilimia 15 ya wasiokwenda waliingia pia. Mwaka 2000 watafiti wa jimbo la Kansas wakatoa fasili nyingine yenye mafungu 6, ambapo mtu sharti awe na dalili katika 3, na asiwe na maradhi mengine yanayoweza kuzieleza.

Mvuvi wa Likoni angeelewa mara moja. Fasili ya kwanza ni juya, hukokota hata vidagaa. Ya pili ni jarife, huteua wakubwa na kuwapitisha wengine. Mwaka 2014 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilikiri kwamba ushahidi hautoshi kuunda fasili moja, likashauri zote mbili zitumike kwa wakati huo.

Wako wasemao kwamba haifai kuyapa jina maradhi ambayo chanzo chake hakijulikani. Mimi nikiwa mwanaisimu sikubaliani nao. Neno malale limetokana na kulala. Mtu hakuhitaji kujua habari za mbung'o na kijidudu anachokibeba ili aone kwamba mgonjwa analala mchana kutwa. Jina lilitokana na dalili, na liliwawezesha watu kuyazungumzia maradhi yenyewe.

Turudi kwetu. Askari wa Kenya waliingia Somalia Oktoba 1911 haikuwa, bali Oktoba 2011, yaani katika zama zetu hizi. Septemba 2012 wanamaji wakashiriki katika kuutwaa mji wa Kismayu. Na Januari 2016 kambi ya El Adde ikashambuliwa, wakauawa wengi. Sisemi kwamba waliorejea wana maradhi ya Ghuba. Vita ni tofauti, na sumu zinazoshukiwa kule si lazima ziwe zilikuwapo huku. Nisemalo ni kwamba askari wetu akisema mwili wake ni mzito, kichwa chamzunguka na usingizi humruka, maneno hayo yasipotee njiani kati ya kinywa chake na kalamu ya daktari. Wala asiharakishwe kuitwa mwendawazimu, mlevi au mwenye jini.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, jeshi, Wizara ya Afya na vyuo vikuu vikusanye dalili hizo kwa Kiswahili, kama wenyewe wanavyozitamka, pamoja na muda zilizodumu. Pili, itungwe fasili ya muda, hata ikiwa na kasoro, ili mgonjwa apate pa kuhesabiwa huku utafiti ukiendelea.

Jina si dawa, nakubali. Lakini maradhi yasiyo na jina hayaandikwi katika faili, na yasiyoandikwa hayalipiwi fidia. Anayeumia ni askari, pamoja na mkewe na watoto wake.