AHADI YA MWENYE DUKA NA MSHAHARA WA MSHONAJI

Mwezi wa Novemba 2013 kampuni ya H&M ya Uswidi, ambayo maduka yake ya nguo yametapakaa duniani, ilitoa ahadi kubwa. Ilisema kwamba ifikapo mwaka 2018 viwanda vikuu vinavyoiuzia nguo vitakuwa na utaratibu wa kulipa mshahara wa kumtosha mtu kuishi, na kwamba neema hiyo itawafikia wafanyakazi wapatao 850,000. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu jumba la Rana Plaza lianguke karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wanawake walioamriwa kuingia kazini ingawa nyufa zilionekana siku moja kabla.

Ahadi ni deni, ndugu wafanyakazi. Je, deni hili limelipwaje? Mwaka 2018 umoja wa Clean Clothes Campaign uliwahoji washonaji wa Bulgaria, Uturuki, India na Kambodia katika viwanda vinavyoiuzia kampuni hiyo, wala haukumpata hata mmoja aliyelipwa mshahara wa namna hiyo. Kampuni ilihesabu viwanda vilivyoingia katika mpango wake; washonaji walihesabu fedha zilizomo mkononi. Mwaka huohuo vyama vya wafanyakazi vya Bangladesh vilidai kima cha chini cha taka 16,000 kwa mwezi, vikapewa 8,000. Mwaka 2023 vikadai 23,000, vikapewa 12,500, na baadhi ya wafanyakazi walioandamana wakauawa.

Hila ya biashara hii ni nyepesi kuieleza. Mwenye duka hana kiwanda. Huja na bei yake, na kiwanda kikiikataa yeye huhamia kingine. Mshonaji akidai haki yake, mwenye kiwanda humnyoshea kidole mwenye duka, naye mwenye duka huinyoshea serikali. Hakuna hata mmoja wa hao watatu alalaye njaa.

Wala wasituambie ya kuwa haiwezekani. Mwezi wa Mei 2013 makampuni mengi ya nguo, H&M ikiwa miongoni mwao, yalitia saini pamoja na vyama vya wafanyakazi mapatano ya usalama wa majengo na moto, mapatano yenye nguvu ya sheria. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa, na kampuni moja iliyoshtakiwa na vyama kwa kuchelewesha matengenezo ilikubali mwaka 2018 kulipa dola milioni 2.3. Ahadi ya mshahara haikuwa na mwamuzi wala adhabu, ilikuwa tangazo. Basi bei inayotosha mshahara huo na iandikwe ndani ya mkataba wa ununuzi, na chama cha washonaji kipewe haki ya kumpeleka mwenye duka mbele ya baraza la usuluhishi.