Hifadhi ya Nairobi: Upande Usio na Uzio (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu iliyopita tulieleza jinsi Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza nchini Kenya, ilivyoanzishwa mwaka 1946 na ilivyokuja kuwa kitalu cha faru weusi. Leo tugeukie kusini, ambako uzio unakoma.

Hifadhi ina kilomita za mraba 117 tu. Faru huridhika humo, lakini nyumbu na pundamilia hawatoshelezwi. Mvua zikinyesha, huvuka mto Mbagathi kuzifuata nyasi fupi za nyanda za Athi-Kapiti, na huko ndiko nyumbu huzalia. Kiangazi kikikaza, hurudi hifadhini kwenye maji yasiyokauka. Nyanda hizo si za serikali. Ni ardhi ya Wamaasai wa Kitengela, na tangu ranchi yao ya pamoja igawanywe kwa hatimiliki miaka ya 1980, kila mwenye shamba ana haki ya kuuza. Wengi wameuza. Palipokuwa malisho sasa pana mawe ya mipaka, ploti za hamsini kwa mia, machimbo na seng'enge. Miaka ya 1970 nyumbu wa eneo hilo walizidi 20,000. Leo hawafiki hata robo yao.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodi ardhi. Mwenye shamba aliahidi kutozungushia uzio, kutochimba mawe na kutokata ploti. Naye alilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu zilizolenga kufunguliwa kwa shule. Hesabu yake ni rahisi: familia yenye ekari 60 ilipata shilingi 18,000. Fedha hizo zilisaidia karo, lakini hazikuweza kushindana na dalali aliyesimama langoni na mnunuzi. Hata hivyo, wapo waliokubali, na jiji lina deni kwao.

Maana gharama ya kuishi na wanyama ni kubwa. Juni 2012, simba 6 waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Kijana wa huko, Richard Turere, alibuni taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka boma usiku, simba akadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Ni betri, sola na balbu chache tu, na maboma mengi yameziiga.

Wanaopendekeza kuziba upande wa kusini kwa uzio wanasema utawalinda watu na wanyama pia. Hofu yao naielewa, lakini siafiki. Nyumbu aliyefungiwa humo hana tena pa kuzalia nyanda zikiwa mbichi, na nyumbu wakipungua simba hukosa windo. Afadhali sehemu ya kiingilio cha langoni ilipwe moja kwa moja kwa wenye mashamba yaliyobaki wazi, kwa kiwango kinachopanda kadiri bei ya ardhi inavyopanda, na mkataba uwe wa miaka mingi ili mzazi aweze kuupangia karo.

Itaendelea.