Nyumba ya Udongo Si Aibu

Wazazi wengi hudhani kwamba nyumba ya udongo ni alama ya umaskini. Apataye fedha hukimbilia saruji na mabati. Kisha saa sita mchana watoto wake hutoka nje, kwa sababu ndani kuna joto kama la tanuru. Je, kosa ni la udongo, ama la ujenzi? Habari za Francis Kéré zatupa jibu.

Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchi ya Burkina Faso. Kijijini hapakuwa na shule. Alipokuwa na umri wa miaka saba alipelekwa kusoma katika mji wa Tenkodogo, ndani ya chumba chenye joto kali walimobanana watoto zaidi ya mia. Kila likizo ilipokwisha, wanawake wa Gando walifungua pindo za nguo zao, wakampa senti yao ya mwisho. Alimwuliza mama yake sababu. Mama akamjibu kwamba wote wanatumaini siku moja atarudi kuwasaidia. Nani asiyemkumbuka hapo yule mjane maskini wa Injili?

Mwaka 1985 Kéré alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, na baadaye akasomea ujenzi wa majumba katika mji wa Berlin. Hakuzisahau senti zile. Alipokuwa bado mwanafunzi alikusanya fedha pamoja na rafiki zake, akarudi kujenga shule ya Gando.

Lakini watu waliposikia habari ya udongo walisita. Walijua kwamba kuta za udongo huharibiwa na mvua. Kéré hakuwadharau, aliwaonyesha. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kuwa matofali magumu yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni. Dari iliachiwa nafasi za kupitisha hewa, na mabati yaliinuliwa juu sana, mbali na dari, ili hewa ya moto itoke. Kingo za paa zilizidi kuta, kuzikinga na mvua na jua. Watoto walileta mawe ya msingi, wanawake walileta maji. Shule ilimalizika mwaka 2001.

Mwaka 2004 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kupita zote katika kazi ya ujenzi. Ndiye Mwafrika wa kwanza kuipata.

Enyi wazazi, mnapotaka kujenga, msiulize tu jirani atasema nini. Ulizeni: hewa itapita wapi? Mvua itaanguka wapi? Miti mingapi itakatwa? Nanyi wanafunzi, elimu mliyopewa kwa jasho la wengine ni deni. Udongo ambao Mungu ametuwekea chini ya miguu yetu wangoja mikono yenye maarifa.