Spika imegeuka nyekundu? Ivishe nguo mpya mwenyewe

Ukiishi Voi huhitaji kuambiwa vumbi ni nini. Ni lile jekundu linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi hadi mgeni akadhani wamezaliwa hivyo. Linaingia kwa viatu, linaingia kwa sufuria, na kama una spika unayoiweka mlangoni pa kinyozi au kibanda cha M-Pesa ili wapita njia wajue kumefunguliwa, linaingia humo pia.

Hebu itazame kwa mbele. Kitambaa kilichokuwa cheusi sasa kina rangi ya matofali, pembe moja imechanika, na pengine kuna shimo la kidole cha mtoto wa jirani. Wengi hukivuta wakakitupa, spika ikabaki uchi. Inapendeza, si uongo. Ukiiona koni ikicheza unahisi besi hata kabla ya kuisikia.

Lakini kitambaa hicho hakikuwekwa kwa urembo pekee. Nyuma ya koni kuna koili ya waya inayoenda mbele na nyuma ndani ya mwanya mwembamba sana wa sumaku. Kofia ya katikati ikibonyezwa na kupasuka, au ule mpira wa kuzunguka koni ukitoboka, mchanga unapata njia ya kufika huko. Koili inasuguliwa, sauti inaanza kukwaruza, na fundi anakuambia spika imekufa. Hapo unatoa pesa za kodi kununua nyingine, wakati kilichohitajika mwanzoni kilikuwa nusu mita ya kitambaa.

Kitambaa gani basi? Kipimo unacho tayari, na ni cha bure. Kibandike mdomoni upumue. Hewa ikipita bila kukukaba, sauti nayo itapita. Ukilazimika kupuliza kwa nguvu, kirudishe dukani. Besi haisumbuki sana na kitambaa kizito, lakini sauti za juu, zile za matoazi na herufi "s" za mwimbaji, humezwa humo. Utabaki ukisema wimbo umerekodiwa vibaya.

Najua unaiwazia leso. Ina rangi, ina jina, na ukiwa Pwani inakuita. Leso mpya ina wanga na imefumwa ikabana, kwa hivyo ioshe mara kadhaa kwanza, halafu ipime mdomoni. Ikikataa, imekataa. Jinzi usiiguse kabisa.

Mimi ningetafuta jezi kwenye mitumba, iwe ni Voi mjini au soko la Taveta kule mpakani. Zile jezi za poliesta zenye vitundu vidogo hupitisha hewa vizuri, hunyumbulika, na hazishiki maji. Kata mgongoni au ubavuni pasipo na namba wala nembo, maana ile plastiki iliyochapishwa huziba kila kitu. Gunia la mkonge nalo lina sura ya kwetu hasa, na mashamba ya mkonge ya Mwatate si mbali, ila nyuzi zake hudondoka. Weka kitambaa chepesi cheusi chini yake. Chandarua? Mashimo yake ni makubwa, vumbi laini litapita likicheka. Mwachie mbu kazi yake.

Sasa kazi yenyewe. Zima amplifaya, chomoa waya. Fremu nyingi za mbele hushikiliwa na vipini vilivyozama kwenye vishimo vya mpira. Shika pembe moja ya chini kwa vidole, vuta polepole, kisha hamia nyingine. Usiichokonoe kwa bisibisi: sumaku huivuta, ikakuponyoka na kutoboa koni.

Bandua kitambaa cha zamani na ukwangue gundi kavu kwa kisu butu. Fremu ya plastiki ioshe kwa sabuni. Ile ya mbao za kushindiliwa ipanguse tu, kwani ikilowa hufura. Kama nyuma kuna sponji inayovunjika kama keki ya juzi, itoe yote.

Tandaza kitambaa kipya mezani, uso mzuri chini, laza fremu juu yake na ukate ukiacha sentimita 4 kila upande. Hapa ndipo watu huharibu: wanaanzia pembeni, mikunjo inajaa. Anza katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande unaotazamana nao, halafu pande mbili zilizobaki, ndipo usogee kuelekea pembe kidogo kidogo ukizunguka. Vuta kama shuka la hospitali, limenyooka lakini halijakaza. Ukikaza mno, fremu inapinda na haitarudi mahali pake. Ukilegeza, besi itakipeperusha na utasikia mlio kama wa nyuki. Gundi ya moto inatosha. Ukitumia pini za stepla, fanyia kazi mbali na spika na uokote kila iliyodondoka.

Wa Wundanyi, ninyi adui wenu ni mwingine. Ukungu wa milimani huacha unyevu kwenye kitambaa na kuvu linaota, kwa hivyo pamba si rafiki. Chagueni poliesta, na msiegemeze spika kwenye ukuta unaotoka jasho.

Kama una spika mbili, badilisha moja tu kwanza. Cheza wimbo unaoujua vizuri, sikiliza moja baada ya nyingine ukiwa umekaa mahali pale pale. Iliyovaa nguo mpya ikisikika imefunikwa blanketi, kitambaa si chenyewe. Kitoe kabla hujakata cha pili.